Hesabu ya Denmark haikuona mitaro ya Msimbazi
Nimesoma makala ya mtu anayedai eti mfuko wa pamba ni mbaya kuliko rambo kwa sababu utafiti wa Denmark wa 2018 ulisema lazima utumike mara 7,100 ndipo ulingane na wa plastiki. Namba ipo kweli, ila mwandishi kaichukua nusunusu. Hiyo 7,100 ni kwa vigezo vyote vya mazingira, na kilichoipaisha ni madhara kwa tabaka la ozoni. Kwa mabadiliko ya tabianchi peke yake ni mara 52, yaani mwaka mmoja wa kwenda sokoni kila Jumamosi. Halafu hesabu ile haikuingiza taka zinazozagaa, maana kwao mfuko huishia kwenye tanuri la kuchomea taka. Sisi tuliokulia kando ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 tunajua: mvua moja, mtaro umeziba kwa rambo, maji yako sebuleni na godoro liko juu ya meza. Hilo wameliweka safu gani? Ninapokubaliana naye ni kwamba mbadala wetu nao si wa kujisifia. Hii mifuko ya sokoni inafanana na kitambaa lakini ni plastiki tu, na mingine mikono inakatika kabla hujafika kituoni. Mimi nina kikapu cha ukindu, mwaka wa sita huu (kikilowa nakianika), na hela yake aliipata mama aliyekisuka, kitu ambacho hesabu za kaboni haziulizi kabisa. Ila wenzangu wa vikapu, samaki wabichi mnabebea nini?