Akili ya Binti Haidai Msiba

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari hapa Dar. Binti aliyeongoza kwa hesabu akaitwa mbele kupokea zawadi. Mgeni rasmi, badala ya kumpongeza na kumwacha akakae, akamshika bega na kumpa maiki: "Hebu waeleze wenzako magumu uliyopitia." Binti akainamisha kichwa. Akasema hajapitia magumu, anapenda hesabu tu, na jioni baba yake humtegea mafumbo ya namba wakisubiri chakula. Mgeni rasmi hakuridhika. Akauliza kama anaishi na wazazi wote wawili. Ndiyo. Akauliza kama kwao ni mbali na shule. Hapana. Mwishowe akachukua maiki yake, akatugeukia sisi wazazi na walezi, akatuhutubia kuhusu watoto wanaosomea koroboi. Binti akarudi kwenye kiti na bahasha yake mkononi, huku watu wakipiga makofi ya kutimiza wajibu.

Hasira niliyotoka nayo pale haijapoa. Na kwa kuwa nimekua na vitabu vya katuni, na hadi leo navisoma, imenirudisha kwenye jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu. Linamhusu Riri Williams.

Riri aliingia kwenye vitabu vya Marvel, kampuni ya katuni za mashujaa ya Marekani, mwaka 2016, kazi ya mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Mike Deodato. Ana miaka 15, ni mtoto wa Chicago, tayari yuko MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia Marekani, akisomea uhandisi, na chumbani kwake bwenini anajiundia vazi la chuma la kurukia kama la Tony Stark, yule tajiri mvumbuzi anayeitwa Iron Man. Binti mweusi, mwenye spana mkononi, anayemwelewa Stark kwa kufungua kazi yake nati moja moja. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikafika kwenye kurasa zinazosimulia alikotoka. Watu wamekaa nje siku ya raha, gari linapita, risasi zinamiminwa. Baba yake wa kambo anakufa. Natalie, rafiki yake wa karibu kuliko wote, anakufa. Akili Riri alikuwa nayo tangu mdogo, hadithi yenyewe inalikubali hilo. Ila haikuruhusiwa kuwa ya kishujaa mpaka ilipiwe kwa damu ya watu wake.

Bendis alieleza wakati ule kwamba wazo lilimjia akiwa Chicago kwa kazi ya televisheni, akaona vurugu za mitaani, akasikia habari za binti mwenye kipaji ambaye maisha yake yaliguswa na vurugu hizo. Namwamini. Risasi za Chicago si hadithi ya kutunga, na wapo mabinti wengi mno waliofiwa namna ile. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba vifo ni desturi ya hadithi hizi: Batman alipoteza wazazi, Spider-Man akampoteza mjomba. Lakini hebu tazameni rafu nzima. Reed Richards, kiongozi wa kundi la mashujaa la Fantastic Four, alitokea mwaka 1961 akiwa mwanasayansi tayari, na kitabu kile cha kwanza hakikuhangaika kutuambia nani alikufa ndipo akapenda sayansi. Alikuwa na akili, akatengeneza roketi, akaipanda, basi. Kwa mzungu mwenye akili hilo linatosha. Kijana wa kizungu anayesoma akina Richards, hata akikutana na Batman, anajua kufiwa ni njia mojawapo kati ya nyingi. Binti mweusi rafu yake ina majina machache. Machache hayo yakiwa yote yamevaa nyeusi za matanga, anachofundishwa ni kwamba akili yake ina bei, na watakaoilipa ni watu anaowapenda.

Na haikuanza na Riri. Storm, shujaa wa kundi la X-Men anayetawala hali ya hewa, ambaye sisi wa huku tunamdai kidogo kwa sababu mama yake ameandikwa kuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, alitokea mwaka 1975. Muda si mrefu tukapewa utoto wake: nyumba imeporomoka Cairo, wazazi wamekufa, yeye mdogo amefukiwa chini ya kifusi, na baada ya hapo ni mwizi wa mifukoni barabarani. Yatima, kisha mwizi. Sasa mrudieni Riri: amefiwa, kisha vazi lake la kwanza analijenga kwa vifaa alivyoiba chuoni. Ilipofika tamthilia yake ya mwaka 2025, anafukuzwa MIT, anarudi Chicago na kujiunga na genge la wezi. Miaka 50 kati ya binti mmoja na mwingine, na bado njia ni ileile. Stark alirithi kampuni. Hakuna aliyeona haja ya kumfanya aibe nyaya.

Shuri ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu Shuri alikuwa wetu wa furaha. Kwenye vitabu yupo tangu 2005, lakini wengi walimjua kwenye filamu ya Black Panther ya 2018: binti wa kifalme mwenye maabara, anayemtania kaka yake, anayerekebisha kila kitu hata kile kisichoharibika kwa sababu anaona kinaweza kuwa bora zaidi. Hakuna aliyeuliza nini kilimpata. Baba yake alikuwa ameshafariki, lakini akili yake haikudai msiba huo. Alizaliwa na akili, akapewa vifaa, akaachiwa nafasi. Niliwaona watoto wa mtaani kwetu wakikunja mikono kifuani na kubishana nani awe Shuri. Kisha Chadwick Boseman, mwigizaji aliyekuwa kaka yake Shuri, akafariki, Agosti 2020. Ule ulikuwa msiba wa kweli, na waandishi wa filamu ya pili hawakuwa na namna ya kukwepa: kaka ilibidi aende. Hapo sina neno nao. Lakini mama? Nani aliwalazimisha kumzamisha malkia Ramonda? Msiba mmoja wa kweli haukutosha kumkomaza binti, wakamwongezea wa kutunga. Kwenye kiti changu nilijua kabisa kinachokuja, nikatamani niwe nimekosea.

Ndiyo maana nampenda Lunella Lafayette kwa upendo ambao hata mimi unanishangaza. Amy Reeder na Brandon Montclare walimwandika, Natacha Bustos akamchora, na kitabu kikaanza Novemba 2015. Mtoto wa miaka 9, Lower East Side, New York. Darasani anachoka kwa sababu yanayofundishwa alishayajua, wenzake wanamwita "Moon Girl" kwa kumcheka, na yeye ana maabara yake ya siri chini ya shule. Anapata rafiki dainosa mwekundu, kiumbe ambaye mchoraji Jack Kirby alimbuni mwaka 1978. Mwaka 2016 Marvel wakafanya kitu ambacho sikutegemea kukiona: Lunella akafumbua fumbo lililotengenezwa na Bruce Banner, mwanasayansi anayegeuka Hulk, ili kupima akili, na ikatangazwa kwamba katika ulimwengu wao wote, Stark na Richards wakiwamo, mwenye akili kuliko wote ni huyu mtoto. Nilisoma ukurasa ule nimesimama.

Ana shida zake, tena nzito. Ana upweke. Ana hofu ya mwili wake kubadilika kwa sababu ya chembe alizozaliwa nazo, na hofu hiyo imeandikwa vizuri sana. Binti yeyote anayekaribia kuvunja ungo ataielewa bila kuelezwa. Wazazi wake hawamwelewi. Lakini wapo hai! Wanamwita aje kula. Wanamkasirikia akichelewa. Kwenye katuni ya televisheni iliyoanza Februari 2023 wamekwenda mbali zaidi: mama, baba, bibi na babu, wote wako pamoja, na familia ina ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Na kinachomfanya Lunella aingie ushujaani ni umeme. Unakatika mtaani kwao, umekatika tena, biashara zinaumia, ukumbi wa nyumbani uko hatarini, naye anajenga jenereta ili awape watu wake mwanga. Mashine ndiyo inayofungua lango, na dainosa anapitia hapo. Ushujaa wake umeanzia kwenye kuupenda mtaa wake. Mtu wa Mbagala au Kayole hahitaji maelezo kuhusu mgao wa umeme. Hadithi hii inamwingia moja kwa moja.

Humohumo kuna siku anasemwa nywele zake shuleni, anajitengenezea dawa ya kuzinyoosha, na nywele zinageuka kuwa adui anayelitesa jiji. Nilimwangalia mpwa wangu akiitazama. Shule yake inanyoa wasichana wote. Hakusema neno, alishika tu kichwa chake akakipapasa kuanzia utosini hadi kisogoni. Hilo ni suala la siku nyingine na nitaliandika, kwa sababu lina yake mengi.

Kuna wanaosema watoto kama Lunella hawauzi, wakitoa ushahidi kwamba kitabu kilisimama mwaka 2019 kwenye toleo la 47. Kwanza, matoleo 47 si haba. Pili, maduka maalumu ya katuni Marekani wateja wake wengi ni wanaume watu wazima. Watoto hawapo pale. Matoleo ya Lunella yalipokusanywa kuwa vitabu vizima na kupelekwa kwenye maonesho ya vitabu mashuleni, huko ndiko alikopata wasomaji wake. Ukitaka kujua kama mtoto anampenda shujaa, mpelekee mahali alipo mtoto.

Kuhusu jalada la mwaka 2016 lililomchora Riri wa miaka 15 kitovu nje na suruali imeshuka kama mwanamke wa tangazo la bia, liliondolewa na ilistahili. Sina la kuongeza.

Nimpe haki yake Eve Ewing, mtu wa Chicago mwenyewe, aliyemwandika Riri kuanzia 2018. Msiba aliukuta, hakuweza kuufuta, akaamua kuutazama usoni: Riri kwake analia, anakosa usingizi, anajifunza upya kuwa na marafiki. Ni kazi ya heshima. Inanifanya nizidi kujiuliza angemwandika vipi kama angeachiwa kuanza mwanzo.

Maana Chicago hiyohiyo ilishatoa binti wa namna hii, wa nyama na damu. Mae Jemison alizaliwa Alabama mwaka 1956 akakulia Chicago. Mama yake mwalimu, baba yake msimamizi wa matengenezo ya majengo. Akiwa chekechea mwalimu aliwauliza wanataka kuwa nani, yeye akasema mwanasayansi, na mwalimu akamuuliza kama hakukusudia kusema muuguzi. Aliingia Stanford na miaka 16. Akawa daktari. Septemba 1992 akapanda chombo cha anga cha Endeavour na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Kilichomvutia, amesema mwenyewe mara nyingi, ni pamoja na kumwona mwigizaji Nichelle Nichols akiwa Uhura kwenye tamthilia ya televisheni ya Star Trek: mwanamke mweusi kazini kwake ndani ya chombo cha angani, anafanya kazi yake. Picha ya mwanamke anayejua kazi ilitosha kumwasha mtoto. Hakuhitaji kuoneshwa jeneza.

Huku kwetu tumeanza. Malenga Mulendema wa Zambia ametupa wasichana wanne wa Lusaka katika katuni ya Supa Team 4, iliyotoka 2023. Ubongo, watengenezaji wa katuni wa Dar, wana mhusika wao Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, na ingawa hapigani na majambazi, watoto wanajifunza kusoma na kuhesabu naye. Ninachoomba wachoraji wetu sasa ni binti wa miaka 12 au 13 wa kwenye kurasa, anayenunuliwa pale stendi pamoja na magazeti. Awe fundi redio wa Tandika, au anayesoma mawimbi ya bahari Pemba kuliko manahodha. Mpeni maadui wakubwa, mpeni woga, ashindwe mara kadhaa. Mama yake awe hai, amgombeze kwa kuunguza pasi akiyeyusha risasi za kulehemu, na baba amtegee mafumbo ya namba hadi chakula kiive. Nakala kumi za kwanza nazinunua mimi.