Malazi ya Siku Chache Chuoni: Hoja ya Vitanda na Hoja ya Ratiba

Vyuo vikuu vingi hugawa vyumba vya bweni kwa muhula au kwa mwaka mzima wa masomo. Utaratibu huo huwapanga wanafunzi katika makundi mawili: wa bweni, wanaolala chuoni muhula wote, na wa kutwa, wasiolala hata usiku mmoja. Katikati wapo wengi wasiotoshea vizuri popote. Wanaishi na wazazi, na wenza au na watoto wao, safari ya kwenda darasani inawachukua saa kadhaa, na wanachohitaji ni kulala karibu na chuo usiku mmoja au miwili kwa wiki, si zaidi. Kwa ajili yao hutolewa pendekezo kwamba chuo kitenge vitanda vichache vya kulipiwa kwa usiku, ambavyo mwanafunzi anaweza kuviwekea nafasi mapema kama afanyavyo msafiri katika nyumba ya wageni. Pendekezo hilo lina watetezi wa dhati na wapinzani wenye sababu za kueleweka. Kwa maoni yangu linafaa kukubaliwa, lakini kwa sharti zito ambalo watetezi wake hulipita haraka: vitanda hivyo vipangwe pamoja na ratiba ya vipindi, visije vikawa njia ya kuficha ratiba mbovu.

Faida iliyo wazi kuliko zote ni muda. Tumchukue mwanafunzi anayesafiri saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mwenye vipindi kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Akirudi nyumbani kila siku, hutumia saa 16 njiani kwa wiki. Akilala chuoni usiku wa Jumatatu na wa Jumatano, saa hizo hushuka hadi 8, na nauli hupungua kwa nusu. Hata hivyo, hesabu hiyo haigusi hasara nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Mwanafunzi anayewahi basi la mwisho huanza kukusanya madaftari wakati mhadhiri ndiyo kwanza anauliza kama kuna swali. Hukosa zile dakika ambazo wenzake humzunguka mhadhiri mlangoni, hukosa kikundi cha kujisomea kinachokutana usiku, na maabara, jaribio likichelewa kukamilika, hulazimika kumwachia mwenzake achukue vipimo vya mwisho. Kazi ya kikundi inapogawanywa, yeye huonekana mtegaji, ingawa huenda ndiye aliyeamka mapema kuliko wote.

Kuhusu usalama, mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akipewa zoezi linalohitaji macho na mikono kufanya kazi kwa pamoja, hufanya vibaya kwa kiwango kinacholingana na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Mwanafunzi aliyeamka saa 11 alfajiri hufikisha saa hizo 17 ifikapo saa 4 usiku. Kama alitoka maktaba saa 3 usiku na nyumbani ni mwendo wa saa mbili, wakati huo bado yuko njiani, pengine akiendesha gari mwenyewe. Chuo kinachoweka kipindi cha jioni na kingine cha asubuhi kinachangia hatari hiyo, hata kama ajali ingetokea mbali na lango lake.

Watetezi wengi, lakini, hawaanzii hapo. Huanzia kwenye hoja ya mwanafunzi kujiona sehemu ya jumuiya ya chuo, hoja iliyopata nguvu kutoka kwa mtafiti wa elimu ya juu Vincent Tinto, ambaye tangu mwaka 1975 alieleza kwamba wanafunzi huacha masomo pale wanaposhindwa kujijenga katika maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya chuo. Mtu akisoma hivyo, ni rahisi kuamini kwamba usiku miwili bwenini utamfanya mwanafunzi wa kutwa ajisikie yuko kwao. Siamini kwamba kitanda cha kupita kinaweza kufanya kazi hiyo. Anayefika na begi dogo jioni na kuondoka kesho yake hupata usingizi na meza ya kusomea, lakini urafiki hudai muda mrefu kuliko huo. Mwaka 1985 watafiti John Bean na Barbara Metzner walitoa maelezo mengine kuhusu wanafunzi wasio wa kawaida, wakiwemo wa kutwa: kwao, mambo ya nje ya chuo kama fedha, saa za ajira na majukumu ya familia yana uzito kuliko ushiriki wao wa kijamii chuoni. Kwa mtazamo huo malazi ya siku chache yanatetewa vizuri zaidi, maana yanapunguza shinikizo moja la nje, nalo ni safari. Hiyo ni ahadi ndogo, lakini inaweza kutimizwa.

Wapinzani nao wana la kusema, na la kwanza ni gharama. Chumba cha mwanafunzi wa muhula hufagiliwa na mwenyewe, shuka ni zake, na ufunguo hukabidhiwa mara moja. Chumba cha usiku mmoja hudai mtu wa kubadili shuka na foronya kila mgeni anapoondoka, wa kukagua godoro, wa kupokea ufunguo na kuandika jina katika daftari la mlinzi, na kabati lenye kufuli ambamo anayerudi kila wiki ataacha vitabu vyake. Kwa hiyo gharama ya usiku mmoja huwa kubwa kuliko ile inayopatikana kwa kugawanya kodi ya muhula kwa idadi ya siku. Isitoshe, mifumo ya fedha za wanafunzi haimtarajii mtu wa namna hii. Kule England, kwa mfano, kiwango cha juu cha mkopo wa kujikimu kwa anayeishi na wazazi ni kidogo kuliko cha anayepanga, kwa kudhani kwamba wa kwanza halipii malazi. Akianza kulipia usiku miwili kwa wiki, fedha hiyo haimo katika hesabu ya yeyote ila yake.

Hoja ya pili ya wapinzani inahusu foleni. Pale ambapo waombaji wa bweni ni wengi kuliko vitanda, kutenga chumba kitakacholala kitupu Ijumaa hadi Jumapili huonekana dhuluma. Jibu la kwamba kitanda kimoja kinaweza kuwahudumia wawili, mmoja Jumatatu na mwingine Jumatano, ni sahihi kwa wiki za kawaida. Haliwi sahihi wiki za mitihani, ambapo wote huutaka usiku uleule.

Lakini upungufu rasmi hauondoi hitaji. Wanafunzi tayari wanabebana: mwenye chumba humpokea rafiki asiye na chumba, wakalala wawili kitanda kimoja au mmoja akatandika godoro sakafuni, na moto ukizuka hakuna orodha yenye jina la aliyebebwa. Mwaka 2021 chuo cha Long Beach City College, California, kilianza kuwaruhusu wanafunzi wasio na makazi kulala ndani ya magari yao katika maegesho yake yenye ulinzi. Tatizo lao ni zito kuliko la safari, ila linaonesha kwamba asiye na kitanda atalala mahali fulani, na chuo huchagua tu kama kitajua ni wapi.

Hoja inayonipa shida zaidi ni ya ratiba. Msimamizi wa vipindi akishajua kwamba kuna vitanda, hatakuwa na sababu ya kuhangaika kuunganisha vipindi vya mwanafunzi katika siku mbili au tatu. Anayeumia hapo ni yule ambaye hawezi kabisa kulala nje ya nyumbani: mama wa mtoto mchanga, anayemuuguza mzazi, au mwenye zamu ya kazi alfajiri. Vitanda hata vikiwa bure havimsaidii, ilhali ratiba iliyobanwa humsaidia bila kumgharimu chochote.

Ndiyo maana ningetaka mpangilio uanze na ratiba. Vipindi vikishabanwa kadiri inavyowezekana, ofisi ya ratiba itakuwa na orodha ya wale ambao bado wana kipindi cha mwisho usiku na cha kwanza asubuhi, au mtihani wa asubuhi wakiwa mbali. Hao wapewe nafasi ya kwanza ya usiku huo, kwa kufuata urefu wa safari na si kasi ya vidole kwenye tovuti ya kuweka nafasi, na sehemu ya gharama ilipwe na idara iliyoweka vipindi hivyo. Vitanda vitakavyobaki wagawiwe wengine, kwa malipo yao wenyewe.