Wani ya 4 ya PCM kutoka Tanga: nafasi ya kuingia MIT au Harvard ni ipi hasa?

Matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, yakishabandikwa, kijana wa kidato cha sita hapa Tanga mwenye wani ya 4 ya PCM (daraja la kwanza kwa pointi 4 katika Fizikia, Kemia na Hisabati, ambako pointi chache ndiyo bora) huuliza swali ambalo walimu wachache wamejiandaa kulijibu: nina nafasi gani ya kuingia vyuo vikubwa vya Marekani kama MIT, au Harvard, au Yale? Mwalimu mmoja atamwambia aachane na hayo asome, mtihani wa taifa wa NECTA, Baraza la Mitihani, uko mlangoni. Binamu yake wa Dar es Salaam atamwambia ajaribu, kwa sababu asiyeomba hakika hapati. Kila jibu lina ukweli wake. Kila jibu pia linaweza kumpotezea kijana mwaka mzima, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Tuanze na hesabu, maana wanaokataa huanzia hapo na wana haki. Kwa darasa la Harvard lililoanza mwaka 2024 waliomba watu 54,008, wakakubaliwa 1,937. Hao hawafiki 4 katika kila 100. MIT mwaka huohuo ilipokea maombi zaidi ya 28,000 na kuchukua chini ya 1,300; na kwa waombaji wa kimataifa nafasi pale ni karibu 2 katika 100. Waliokataliwa nao ni watu wa A tupu, wengi wao vinara wa shule zao katika nchi zao. Wani ya 4, ambayo hapa mtaani Ngamiani inatosha kuwafanya majirani waje kumpongeza mama, kule inakuwa sharti la kuingizwa kwenye mjadala tu.

Lakini asilimia hiyo ni ya kundi zima, haimsemi mtu mmoja. Wanaoiita bahati nasibu wanakosea hapo, kwa kuwa bahati nasibu haisomi faili la mtu, na vyuo hivi vinalisoma. Husoma alama kwa kuangalia shule zilikotoka: masomo gani yanafundishwa pale, maabara ikoje, wenzake darasani wamefanyaje. Mwanafunzi aliyepata A ya Fizikia katika shule ambako jaribio moja linagawanywa kwa wanafunzi kumi hapimwi kwa mizani ileile ya aliyesoma shule ya kimataifa ya ada kubwa. Kwa hiyo wanaosema "ajaribu" nao wana hoja, na ni hoja nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Tatizo ni kwamba msomaji wa faili aliyeko Cambridge, Massachusetts, hazijui Galanos wala Usagara, shule zetu za hapa Tanga. Hajui kidato cha tano ni nini. Anajua alichoandikiwa tu, na hapo ndipo nafasi ya kijana wa Tanga huporomoka, mapema sana kabla ya mtu yeyote kuangalia alama zake.

Chukua barua za walimu. Vyuo hivi kwa kawaida huomba barua za walimu wawili, pamoja na taarifa ya shule inayoandikwa na mshauri wa wanafunzi. Shule zetu nyingi hazina mshauri wa namna hiyo; kazi inamwangukia mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, mtu mwenye vipindi, vikao na wanafunzi mamia. Anaandika kama tulivyozoea kuandika: kijana huyu ana nidhamu, ni mtiifu, anashirikiana vizuri na wenzake, tunamtakia kila la heri. Ni barua ya heshima na imeandikwa kwa nia njema kabisa. Ila haimsaidii, kwa sababu inaweza kuwa ya mwanafunzi yeyote. Anayesoma upande wa pili anatafuta tukio: siku alipokataa jibu la kitabu na kuonyesha kosa liko wapi, jinsi alivyotengeneza kifaa cha jaribio kwa vitu vya mtaani, namna alivyowafundisha wenzake Kemia usiku mwalimu alipokuwa likizo. Mambo haya yanatokea katika shule zetu kila muhula. Hayaandikwi. Mwalimu akiombwa barua Desemba, ameshasahau kilichotokea kidato cha tano, na wala si kosa lake.

Kuna jambo jingine linaloongeza ugumu. Tangu Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na watahiniwa bora kitaifa. Naiunga mkono hatua hiyo kwa sababu nyingine, lakini matokeo yake ni kwamba kijana hawezi tena kusema nilikuwa wa ngapi nchini, na ushahidi wa nafasi yake unabaki kwenye taarifa ya shule. Shule isipoandika kwamba ni wa kwanza kati ya wanafunzi 120 wa tahasusi za sayansi, hakuna mwingine atakayeliandika.

Na shughuli za nje ya darasa? Wazazi wengi huogopa neno hili, wakidhani linahitaji piano na kuogelea. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, Common App, ina kipengele cha majukumu ya nyumbani. Kijana anayefungua duka la baba pale Makorora kila jioni, au binti anayelea wadogo zake watatu huku akisoma, ana cha kuandika, na kinahesabika. Mashindano ya Young Scientists Tanzania nayo yako wazi kwa shule za sekondari. Hapa kwa kweli sioni kikwazo kikubwa, ila watu hawana habari.

Kikwazo kikubwa ni kalenda, na sijasikia pande zinazobishana zikiitaja. Maombi ya mapema ya vyuo vingi hufungwa 1 Novemba, ya kawaida siku za mwanzo za Januari. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo ni Julai. Maana yake, kijana anayeomba akiwa bado shuleni anaomba bila matokeo ya kidato cha sita. Matokeo pekee ya kitaifa aliyonayo ni ya kidato cha nne, na mengine ni mitihani ya ndani na makadirio ya walimu. Aliyechechemea kidato cha nne akaamka kidato cha tano anaingia akiwa na faili dhaifu kuliko alivyo yeye mwenyewe. Na yule anayeuliza baada ya moko, kama tuliyeanza naye, ameuliza dirisha likiwa limefungwa.

Anaweza kusubiri, aombe baada ya matokeo akiwa na A zake mkononi. Ndivyo wengi wanavyoshauriwa, na kwa alama peke yake ni ushauri mzuri. Lakini kusubiri kuna gharama. Akianza shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) Oktoba huku akiomba Marekani, vyuo vingi humtazama aliyekwisha kuanza masomo ya shahada kama mtu wa kuhamia, na mlango wa kuhamia mara nyingi ni mwembamba zaidi. Akikaa bila kuanza, anaweza kuupoteza ufadhili wa serikali uitwao wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi, kwa kuwa walengwa hupatikana kutokana na matokeo ya mwaka husika. Na mwaka wa kukaa nyumbani hauna bei moja kwa wote. Mvulana ataambiwa atafute kibarua bandarini huku anasubiri. Kwa binti, katika baadhi ya nyumba zetu, ifikapo Februari maneno ya posa yameshaanza kuzunguka sebuleni. Anayemshauri binti asubiri mwaka bila kuzungumza na wazazi wake hajamaliza kazi.

Fedha zinatisha kuliko zinavyostahili. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hupokea maombi ya wanafunzi wa kimataifa bila kuangalia uwezo wa familia, kisha hugharimia kile ambacho familia haiwezi. Stanford haimo katika kundi hilo kwa wanafunzi wa kimataifa: ukiomba msaada, ombi lako la fedha linaweza kuingia katika uamuzi wa kukuchukua. Tofauti hii ni muhimu kuliko jina la chuo, na kijana asiyeijua huishia kuomba vyuo kumi ambavyo hata vikimtaka havitamlipia. Ada ya maombi inaweza kusamehewa. Kinachobaki ni SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ambao Harvard na MIT wameurudisha kuwa lazima, na ambao kwa mtu wa nje ya Marekani unapita dola 100. Pasipoti ni shilingi 150,000. Nauli na malazi ya siku ya mtihani juu yake. Kwa mama muuza vitumbua hiyo ni fedha ya kujinyima, lakini si ile milioni mia inayosemwa vijiweni.

Halafu kuna viza, na hapa sitaki kumpaka mtu mafuta. Tangazo la Rais wa Marekani lililosainiwa Desemba 2025 na kuanza kutumika 1 Januari 2026 liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza za aina kadhaa, zikiwamo za wanafunzi. Matangazo ya namna hii hupitiwa na kubadilishwa, na maombi yanayotumwa leo ni ya masomo yatakayoanza miezi mingi mbele. Hata hivyo, mwaka huu kukubaliwa na chuo ni jambo moja, kufika chuoni ni jingine, na anayemshauri kijana bila kumwambia hili anamficha nusu ya jibu.

Wanaosema abaki nyumbani ambako kuna uhakika nao wasisahau kuangalia uhakika wenyewe. Watahiniwa wa kidato cha sita kwa mwaka sasa wanazidi 100,000, na ufaulu umepita asilimia 99. Ili kuomba shahada, mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unataka masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E 1. Wazazi wengi huuchukua mstari huo kama ahadi. Ni ruhusa ya kuomba tu. Udaktari pale Muhimbili huchukua wenye alama za juu mpaka viti viishe, na kila mwaka wako wenye wani safi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wanaobaki nje na kulazimika kusubiri awamu ya pili au kwenda chuo binafsi ambacho familia haikukipangia bajeti. Kwa hiyo MUHAS, chuo hicho cha Muhimbili, nayo ni chuo cha kuchuja, na inastahili kupangiwa mkakati kwa uzito uleule tunaoupa Harvard.

Nikipima yote haya, naegemea upande wa kuomba, lakini kwa wachache na kwa masharti. Mwanafunzi ambaye matokeo yake ya kidato cha nne ni mazuri, aliyeanza kuandaa faili kidato cha tano, ambaye walimu wawili wanamjua kwa matendo yake, na aombe vyuo vitatu au vinne kati ya vile visivyoangalia mfuko. Faili hilohilo linaweza kwenda Ashesi ya Ghana au Makerere, ambako kuna ufadhili wa Mastercard Foundation na hakuna kizuizi cha viza ya Marekani. Nashangaa vyuo hivi havitajwi zaidi katika mazungumzo yetu. Kwa hao wachache, shule inaweza kusaidia bila kutumia hata shilingi: mwalimu wa taaluma aanzishe daftari la kidato cha tano, kila mwalimu wa somo aandike kila muhula mistari michache juu ya wanafunzi waliomshtua, na Oktoba barua ziandikwe kutoka kwenye daftari hilo.

Asiye na faili hilo asisukumwe. Wiki sita za insha na SAT katikati ya kidato cha sita zinaweza kuigeuza wani ya 4 kuwa wani ya 8, na kwa anayetaka Uhandisi UDSM au Udaktari MUHAS hiyo ni hasara isiyorudishika.

Na huyu anayeuliza baada ya moko, jibu langu kwake ni kwamba kwa mwaka huu hapana. Afanye mtihani wa Mei, aende JKT akiitwa, aombe vyuo vya ndani awamu ya kwanza na kuthibitisha mapema. Kama Julai itamletea A tatu na moyo wake bado uko huko, mazungumzo ya kusubiri mwaka yafanyike kabla ya Oktoba, yeye na wazazi wake wakiwa na barua ya ufadhili wa ndani mezani, ili wajue wanachoacha ni nini.