Kibali cha mgeni na karatasi isiyosomwa

Kwenye faili la maombi ya kibali cha kazi cha mgeni kuna karatasi zinazokaguliwa kwa makini: pasipoti, vyeti, mkataba, stakabadhi ya malipo. Na kuna moja inayopitiwa kwa jicho la haraka. Ni mpango wa kurithisha ujuzi. Upande mmoja unaandika jina la mtaalamu wa kigeni na kazi yake, upande wa pili jina la Mtanzania atakayeishika kazi hiyo baadaye, na katikati aina ya mafunzo na muda wake. Nimewahi kuijaza. Kwa miaka kadhaa nilikaa idara ya utumishi ya kiwanda kimoja cha chupa za plastiki, na jedwali hilo lilinichukua dakika ishirini, nyingi kati ya hizo nikiwa natafuta jina la Mtanzania wa kuweka.

Nalitanguliza hili kwa sababu mjadala wetu kuhusu ajira za wageni umekwama mahali pengine kabisa, kwenye idadi: wako wangapi, wanazidi, wapunguzwe. Julai 2025 serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, kuanzia uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu na saluni hadi kuongoza watalii, Wakenya walilalamika kwamba itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki imekanyagwa, na humu ndani wengi wakashangilia. Sawa, lakini ile ilikuwa amri ya leseni za biashara. Mgeni anayeajiriwa na kampuni yuko chini ya sheria nyingine, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, ya Tanzania Bara. Mtu akisikia "sheria ya wageni" anazitia zote kwenye kapu moja, na hasira ya Kariakoo inamwangukia mhandisi aliye Mkuranga.

Nianze na mwenye kiwanda, maana naye hasemi uongo. Amekopa benki akanunua mashine. Anayeijua mashine ile ni fundi wa kampuni iliyoitengeneza, na siku inaposimama, riba ya benki haisimami. Ili fundi huyo aingie kihalali anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, madirisha mawili na malipo mawili. Serikali yenyewe imewahi kukiri kwamba mlango ni mwembamba: Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilipandisha idadi ya wageni ambao mwekezaji aliyesajiliwa anaruhusiwa kuanza nao, kutoka watano hadi kumi. Halafu ana hoja moja ambayo sijapata kuisikia ikijibiwa vizuri. "Nikimfundisha kijana wako miaka miwili, jirani yangu atamwongezea laki mbili na kumchukua. Mimi nimefundisha, yeye amevuna." Tena juu ya hayo analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara yote anayolipa, ya mgeni ikiwemo. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6 miaka ya nyuma, imeshushwa kidogo kidogo, lakini bado inauma. Akiambiwa hachangii ujuzi wa nchi, anatoa stakabadhi.

Hoja hizo zinasikika sana, kwa sababu wenye nazo wana vyama, wana wanasheria, na wanakaa meza moja na mawaziri. Upande wa pili hauna meza. Mtanzania anayelalamika kwamba kazi anayoiweza imeshikwa na mgeni anajibiwa kwa neno moja: wivu. Au anaambiwa akasome. Nadhani tunamkosea.

Chukua fundi mmoja wa pale kiwandani kwetu. Alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye mashine ya kupuliza chupa. Akiwa amekaa kantini anakunywa chai, aliweza kukwambia kwa mlio tu kwamba kalibu ya chupa namba tatu inaanza kuvuja hewa. Jina lake ndilo nililoliandika kwenye jedwali. Kwenye safu ya mafunzo nikaandika kama nilivyoelekezwa: "mafunzo kwa vitendo, miezi 24." Kibali kikatoka, na miezi 24 ndiyo muda ambao sheria inampa mgeni kwa mara ya kwanza. Ilipokaribia kuisha, nikafungua faili la zamani, nikabadilisha tarehe, nikaandika tena: "mafunzo kwa vitendo, miezi 24."

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kifungu cha 7 cha sheria ile kinamtaka mwajiri aandae mpango wa kurithisha ujuzi na ahakikishe mgeni anaufikisha kwa raia katika kipindi cha ajira yake. Kama mpango wa kwanza ulikuwa wa kweli, basi mwezi wa ishirini na nne Mtanzania yuko tayari, na ombi la kuongeza muda halina kazi. Kama ombi lipo, kuna mambo mawili: ama kampuni imeleta mashine mpya au kazi mpya, jambo linalowezekana na linaloelezeka kwa aya moja, ama mpango haukutekelezwa. Kwa maneno mengine, kila ombi la kuongeza kibali kwa kazi ileile ni ungamo. Kampuni inamwandikia Kamishna: tuliahidi, hatukufanya, tunaomba tuahidi tena. Sisi tunalipokea ungamo hilo kama fomu ya kawaida, tunaangalia kama ada imelipwa. Sheria ilipopitishwa iliweka kikomo cha jumla cha miaka mitano kwa mwajiriwa wa kawaida, kumi kwa mwekezaji mwenye mchango mkubwa. Watu wamebishana sana kama miaka hiyo ni mingi au michache. Kwangu mimi hata ingekuwa ishirini, jedwali lingejazwa vilevile.

Kwa nini mpango hautekelezwi? Wepesi wa kulaumu wanasema wageni ni wabinafsi na wenye viwanda ni wajanja. Sidhani. Ukiangalia nani anafaidika mgeni akifundisha, utakuta pale ndani hakuna. Mgeni akimaliza kufundisha, amemaliza kazi yake, anafunga begi. Mwajiri akimaliza kufundisha, amemtengenezea jirani fundi. Ofisa kazi anahesabiwa kwa vibali alivyoshughulikia na makampuni aliyoyakagua. Hakuna anayemuuliza ni Watanzania wangapi walioshika nafasi zilizokuwa za wageni. Hata Mtanzania aliyetajwa hana uhakika, kwa sababu jedwali lile halina safu ya mshahara. Linasema atarithi kazi ya mgeni, halisemi kama atarithi na malipo yake. Fundi wetu alijua mgeni analipwa mara ngapi zaidi yake, viwandani mambo hayo hayafichiki, na alijua pia kwamba siku atakayokabidhiwa mashine atakabidhiwa kwa mshahara uleule wa zamani na salamu za pongezi. Anayefaidika ni nchi, na nchi haiko zamu ya usiku.

Mtu ataniambia kufundisha peke yake hakutoshi, na atakuwa na ushahidi. TAZARA ni mfano wa heshima. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na suala la urithishaji halikuachwa nyuma: vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli wakati ujenzi ukiendelea, na Mpika, upande wa Zambia, kukawekwa chuo. Treni zikaendeshwa na wenyeji. Lakini miaka ya 1980 wataalamu wa Kichina wa menejimenti walirudishwa kusaidia, na mwaka 2025 serikali zetu mbili zimesaini na kampuni ya Kichina mkataba wa kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, uwekezaji wa takribani dola bilioni 1.4. Mpinzani wangu atasema: ona, ujuzi ulirithishwa na bado tumewarudia wageni. Nakubali nusu. Ujuzi wa kuendesha treni ulirithishwa. Ule wa kuendesha shirika, kupanga bei, kukusanya madeni, kununua vipuri kabla havijaisha, huo haukuwa na jedwali wala mtihani, na fedha za kuutumia zilikuwa zikikosekana. Ndiyo maana nasema tukague kilichorithishwa badala ya kuhesabu waliokuja na walioondoka.

Tena tusisahau kwamba na sisi ni wageni kwa wenzetu. Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada za vibali vya kazi. Sisi bado tunatoza. Na mwalimu wa Kitanzania anayefundisha Kiswahili Kigali ni mgeni kule, kama mhandisi wa kigeni alivyo mgeni hapa. Hilo linawafanya wanaodai "wageni wote nje" wawe na deni ambalo hawalitaji. Mimi simo kundi hilo.

Ninachotaka ni kidogo na kinachosha. Wakati wa kuongeza kibali, ofisa asimwite mgeni. Amwite Mtanzania aliyetajwa kwenye jedwali. Akae naye nusu saa mbele ya mashine, au mbele ya vitabu vya hesabu, mgeni akiwa nje. Ofisa kazi hawezi kujua mashine zote, ni kweli, ila VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina walimu wa fani nyingi na sehemu ya ile tozo huenda kwao tayari. Mtanzania akifaulu, kampuni irudishiwe sehemu ya tozo yake, na yeye afungwe kwa mkataba wa miaka michache asichukuliwe na jirani, kwa mshahara ulioandikwa mapema kwenye jedwali. Asipofaulu, kibali kiongezwe kwa miezi sita badala ya miaka miwili, na sababu iandikwe.

Najua tatizo la pendekezo hili kabla hujanitajia. Utasema: umeongeza dirisha lingine, na dirisha nchi hii lina mkono unaosubiri chochote. Mwenye kiwanda aliyekuwa akilipa kwa ajili ya kuharakishiwa kibali atalipa kwa ajili ya kufaulishiwa fundi. Sina jibu kamili. Nina hili tu: jedwali la sasa linampa mkaguzi sahihi ya kuangalia, na sahihi ya uongo na ya kweli zinafanana. Fundi aliyesimama mbele ya mashine hafanani na asiyejua.

Usiku mmoja mashine yetu ilisimama saa nane. Mgeni alikuwa likizo kwao. Kioo cha mashine kikadai namba ya siri, tarakimu nane, na yule fundi wa miaka kumi na miwili akasimama pale ameshika spana na simu, video ikikatikakatika, mtu wa upande wa pili anamtajia tarakimu moja moja. Ikawaka. Asubuhi nikamuuliza kwa nini haiandiki mahali, si ameshaijua. Akacheka.

"Kaka, inabadilishwa kila Jumatatu."