Kengele ya saa tatu usiku

Mwaka juzi mwezi wa tano nilikuwa kibanda umiza pale Mwanjelwa, Jumamosi, mechi ya Uingereza, tumebanana kwenye mabenchi na nje baridi la Mbeya limeshaanza kuuma. Dakika ya 70 hivi, saa tatu kamili usiku, simu ya dogo mmoja wa benchi la mbele ikaanza kulia alamu. Akaizima bila hata kuitazama, akaendelea kubishana na mwenzie kuhusu ofsaidi. Ile alamu mimi naijua, nilimuwekea kwa mkono wangu enzi hizo nikiwa mwelimisha rika, kijana wa kuwashauri vijana wenzie, kwenye kliniki moja hapa mjini, na ndo saa yake ya kunywa dawa. Akageuka kidogo akaniona, tukaangaliana, kila mtu akarudi kwenye mpira wake. Ningesema nini sasa? Nimwambie "dogo nenda kameze" mbele ya watu arobaini?

Naikumbuka hiyo usiku kila nikisikia watu wa miradi wakisema siku hizi vijana wote wana simu, basi tuwatumie meseji za kuwakumbusha ARV, zile dawa za kufubaza VVU, na tarehe ya kliniki, utoro utaisha. Sio hoja ya kijinga, nitaitetea hapa chini. Ila yule dogo hakusahau kitu. Alikumbushwa kwa sekunde ileile inayotakiwa, kwa sauti kubwa kabisa, na bado hakuinuka.

Huku kwetu hili jambo sio la kusoma tu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 ulikuta kati ya watu wa miaka 15 kwenda juu, Njombe wana VVU asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Maana yake kwenye daladala lolote la Uyole kwenda Sae yupo mtu ana kopo la ARV kwenye begi. Na vijana ndo wanaosumbua zaidi kwenye kukaa na dawa, kuna waliozaliwa na virusi wamechoka kumeza toka wanatambaa, na kuna walioambukizwa ukubwani wakagundua wako chuo mwaka wa kwanza, hayo ni makundi mawili tofauti kabisa ingawa kwenye ripoti wanawekwa kapu moja.

Sasa uzuri wa simu ni upi. Kwanza vijana wa Nyanda za Juu Kusini hawatulii. Leo yuko Chunya kwenye machimbo, msimu wa mpunga kashuka Mbarali, mwingine yuko Tunduma anabeba mizigo, mabinti wa Iringa na Njombe wanachukuliwa kwenda Dar kufanya kazi za ndani, faili linabaki CTC (kliniki ya VVU) ya nyumbani lakini mtu mwenyewe hayupo. Simu ndo kitu pekee anachosafiri nacho. Nilishawahi kupigiwa na binti yuko Dar kwa bosi wake amebakiwa na vidonge vinne, analia, anajua ni lazima arudi Makete kuchukua dawa na nauli hana. Dakika tano za simu zilitosha kumwambia achukue namba yake ya kadi aende kliniki yoyote iliyo karibu, aeleze yuko safarini, watampa za kumfikisha. Bila simu huyo anaacha, anakaa kimya, tunakuja kumuona baada ya mwaka kakonda.

Pili, mtu ambaye hali yake imetulia siku hizi anapewa dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo. Ni jambo zuri sana, hakuna kupanga foleni kila mwezi na kuaga kazini kwa uongo. Lakini pia ni nusu mwaka ambao hakuna mtu wa kliniki anamuona usoni, na kijana wa miaka 19 miezi sita ni maisha mengine kabisa, anaweza kuachwa, kuhama, kufiwa na bibi aliyekuwa anamsimamia, akaokoka na kuambiwa amepona. Hapo katikati ukimpigia hata mara moja sio haba.

Na ushahidi upo. Kenya walifanya jaribio, matokeo yakatoka mwaka 2010, watu 538 walioanza ARV, Nairobi na Kajiado. Kila wiki nusu yao walikuwa wanatumiwa neno moja tu, "Mambo?" Unajibu "sawa" au "shida" ndani ya saa 48, ukisema shida au ukinyamaza nesi anakupigia. Mwishoni waliofubaza virusi kwenye kundi la meseji walikuwa asilimia 57, wengine 48. Mi napenda sana ujanja wa hilo neno. Halina dawa, halina kliniki, halina virusi, hata mke akichungulia simu anaona mambo tu, anaweza kuuliza nani huyo lakini hawezi kugundua ugonjwa. (Kwa Njombe ungeweka "Kamwene" na bado ingeenda, ila usimtumie mzee wa watu "Mambo?" atakufungia namba.)

Basi watu wakaishika hiyo wakasema tumepata dawa ya utoro. Hapo ndo mimi naanza kusita. Kenya hiyohiyo, upande wa magharibi, kuna jaribio jingine la mwaka 2011 lililogundua meseji za kila wiki zilisaidia watu kunywa dawa vizuri, lakini za kila siku hazikusaidia. Ukifikiria unaelewa, kitu kinacholia kila siku unakizoea, kinakuwa kama zile meseji za mtandao za kukuambia umeshinda bando, unafuta bila kusoma. Alafu Uganda wakajaribu kwa vijana wenyewe, miaka 15 mpaka 22, wako 332, mwaka mzima, matokeo yakatoka 2017: hakuna tofauti. Na sio kundi la kukumbushwa tu, hata lile ambalo mtu aliweza kujibu meseji halikufanya vizuri zaidi. Hili linanisumbua maana mi mwenyewe zamani nilikuwa nasema tatizo ni meseji za upande mmoja, mpe kijana nafasi ya kujibu utaona. Wakampa, hawakuona.

Kwa hiyo kwa watu wazima inaonekana kusaidia na kwa vijana inasuasua, kwa nini? Nadhani mtu mzima shida yake kubwa ni mihangaiko, kweli anasahau. Kijana anaficha. Nimeona mabinti wa bweni wanajaza pamba kwenye kopo ili vidonge visigongane wakati wa kulitoa sandukuni, wengine wanabandua lebo, wengine wanahamishia vidonge kwenye kopo la vitamini. Mtu aliyefika hatua ya kuweka pamba kwenye kopo hahitaji kengele, kengele ndo adui yake! Na hao wa sekondari za bweni hata simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo mpango wako wote wa meseji unaishia getini, anabaki matroni, na matroni kama ana mdomo basi.

Alafu hiyo simu ni ya nani? Toka 2019 sheria inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila ruhusa ya mzazi. Lakini laini ya simu chini ya miaka 18 inasajiliwa kwa mzazi au mlezi. Yani anaweza kwenda kupima mwenyewe na kubeba majibu yake kimya kimya, afu namba anayoandikisha kliniki ni ya baba wa kambo. Kuna siku nilipiga namba iliyoandikwa kwenye faili, akapokea mwanaume sauti nzito, nikajiumauma nikasema nimekosea namba. Akapiga yeye. Akapiga tena. Mara ya tatu akaniuliza wewe ndo unayemtongoza mtoto wangu? Nikakubali, bora nionekane mtongozaji. Yule binti alipigwa kwa kosa la mimi kufuata utaratibu, na kliniki niliporipoti nikaambiwa namba zingine ziko hivyohivyo, zitasasishwa taratibu. Hatujaongelea simu za kuchangia dada na kaka, wala meseji zinazojitokeza juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa, wala zile programu za kuonyesha jina la anayepiga ambapo namba ya kliniki watu wameshaisevu "CTC" na inatokea hivyo kwa kila anayepigiwa. Sheria ya VVU ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na ile ya taarifa binafsi imeanza kufanya kazi Mei 2023, karatasini tuko vizuri tu.

Magrupu ya WhatsApp ya wenye VVU nitayapita haraka. Yanasaidia saa nane za usiku ukiwa na mawazo na kuna mwenzio yuko macho. Ila namba zinaonekana, skrinshoti zipo, na uzushi unapita humohumo. Mwaka 2011 watu waliacha ARV wakaenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, na kipindi kile habari ilitembea kwa midomo na mabasi. Leo ingekuwa vois noti moja.

Kitu ambacho sisikii kikisemwa ni kwamba simu imeshaingia kwenye haya mambo zamani, kabla ya mradi wowote. Watoto wengi waliozaliwa na virusi huku wanalelewa na bibi, na bibi anawaambia hizi ni dawa za kifua, au za moyo, anasubiri wakue. Binti mmoja wa miaka 13 aliniambia jinsi alivyojua. Aliazima simu janja ya mjomba wake afanye homuweki, akachukua kopo akaandika neno lililoko kwenye lebo herufi moja moja, d-o-l-u-t-e-g-r-a-v-i-r, akabonyeza, ikaja kuwa ni dawa ya VVU. Basi. Hakumuuliza bibi. Alifuta aliyoyatafuta, akarudisha simu, na tokea siku hiyo akawa anaweka kidonge chini ya ulimi mbele ya bibi na kukitema chooni. Miezi mitano. Kipimo cha wingi wa virusi kikaja kimepanda na kila mtu anashangaa maana bibi anaapa anamuona akimeza, na kweli alikuwa anamuona. Huyo ungemtumia meseji gani? Alitakiwa mtu wa kumwambia mapema, kwa mdomo, amemkalisha chini, na amwambie pia kwamba virusi vikifubaa mpaka visionekane kwenye kipimo huwezi kumwambukiza mtu kwa ngono, utaolewa na utazaa. Alipokuja kuambiwa hayo na dada mmoja wa miaka 22 mwenye hali kama yake alirudi kwenye dawa. Wakapeana namba. Baada ya hapo ndo simu ikaanza kuwa na kazi.

Zimbabwe wamelipima hili. Kule Bindura na Shamva walitumia vijana wenye VVU kuwasimamia wenzao wa miaka 13 hadi 19 wenye hali hiyohiyo, wanawatembelea nyumbani, wanakutana vikundi, na katikati wanapigiana na kutumiana meseji. Waliokuwa na virusi vingi au kufariki walikuwa asilimia 25, kwa wale waliopata huduma ya kawaida 36. Simu imo humo ndani, ila anayepiga anajulikana sura, anajua mlango wenu ulipo na mbwa wenu ni mkali au la. Nahisi ndo kilichokosekana Uganda, ingawa siwezi kuapa.

Shida ya njia hiyo ni pesa, watetezi wa meseji hapo wana haki. Mfumo wa kutuma meseji elfu kumi ni bei rahisi kuliko kulipa posho na nauli vijana ishirini mwaka mzima, tena Makete na Ludewa kipindi cha mvua bodaboda anakutajia bei anayotaka. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 tuliona walivyo wepesi kukatwa hao wanaopita mitaani. Kompyuta ingeendelea kutuma "Mambo?" kama kawaida. Swali ni nani angepiga kwa yule aliyejibu "shida".

Yule dogo wa kibanda umiza baadaye aliniambia alikunywa saa sita usiku alipofika geto, na mimi nilimwambia kuchelewa ni bora kuliko kuruka, tukahamisha alamu ikawa saa kumi na mbili asubuhi anapopiga mswaki peke yake, bila sauti, mtikisiko tu. Bado nina daftari langu la kipindi kile, limeliwa na panya pembeni. Pembeni ya kila namba kuna maelezo ambayo mfumo wa kompyuta haukuwa na sehemu ya kuyaandika: "usipige, anapokea mama mkubwa." "Laini ya rafiki, uliza kwanza kuhusu hesabu." "Huyu J'mosi mchana tu, anakuwa shambani mwenyewe."