Chumvi Kwenye Glasi

Ukiitwa kupiga picha ya bia yenye povu, kabla hujafungua begi la kamera nenda kwanza ukaone beseni la kuoshea glasi. Adui mkubwa wa povu ni mafuta, na baa ya kitimoto, nyama ya nguruwe ambayo wenyewe tunaiita mdudu, ni nyumba ya mafuta: yako mezani, yako kwenye kitambaa cha mhudumu, yako kwenye midomo ya wateja. Rangi ya mdomo nayo ni mafuta, usiisahau. Glasi ikishaoga beseni moja na sahani za mdudu, hata uisugue mpaka iwake, ukimimina bia povu linanyanyuka vizuri, unainama kurekebisha kamera, ukiinua kichwa limeshakwenda zake. Yamebaki maji ya njano yasiyo na heshima.

Mama mwenye baa yetu hapa Sinza alitaka bango la mita 2 kwa 1 la kutundika getini: chupa yenye jasho, glasi imejaa, povu vidole viwili, pembeni sinia la kitimoto na ndizi za kukaanga. Malipo tulishapatana: nusu kilo ya kitimoto cha kavu na bia mbili. Anayepiga picha kwa mapenzi halipwi pesa, analipwa mdudu.

Basi nikaanza na glasi. Kipimo chake ni chumvi. Unailowesha glasi ndani, unakung'uta maji, unanyunyiza chumvi laini huku ukiizungusha. Palipo safi chumvi inashika sawasawa. Penye mafuta inateleza na kuacha uwazi. Nilikuwa nimesimama pale kaunta, glasi mkono mmoja, chumvi mkono mwingine, nazungusha taratibu na kuchungulia ndani, Mama akatokea stoo.

"Wewe kijana, chumvi ya nini kwenye glasi zangu?"

"Napima mafuta, Mama."

"Mafuta." Akaitazama chumvi. Akanitazama mimi. "Mtu anamwaga chumvi ndani ya biashara ya watu, siku ya Jumamosi, kabla wateja hawajajaa, halafu ananiambia anapima mafuta."

Meza ya karibu wakaacha kuongea. Jamaa mmoja akafunika glasi yake kwa kiganja. Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fizikia maisha yake yote na ambaye hunywa bia ya moto tu kwa sababu ya koo, alicheka peke yake kwenye kona, na kicheko kile hakikunisaidia.

Glasi zote zilifeli. Nikaomba beseni jipya, brashi safi, sabuni ya maji kidogo tu, kisha kusuuza mara mbili kwa maji mengi na kuziinamisha kwenye waya zikauke zenyewe. Zisifutwe. Kitambaa cha baa kina historia ndefu.

Zikiwa zinakauka nikaenda uani kupanga meza. Hapo ndipo kazi ilipo, maana bia haipigwi picha kutoka upande wa mwanga. Chupa ya kahawia ukiimulika kwa mbele inatoka nyeusi tii, na kioo kinakurudishia sura yako mwenyewe umeshika kamera. Mwanga upite nyuma. Saa 10 alasiri jua limeshalala kiasi cha kutosha, lakini bado halitoshi kupenya, kwa hiyo unakata kipande cha boksi chenye umbo la chupa, chembamba kidogo kuliko chupa yenyewe kisionekane pembeni, unakifunga foili ya jikoni, unakiegemeza nyuma kwa mshazari mpaka kirudishe jua kuelekea kwenye lenzi. Chupa inawaka yote rangi ya asali. Lenzi ya milimita 50, tundu lake nikalibana hadi f/8 ili chupa na sinia vyote viwe wazi, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 200, kamera juu ya traipodi. Nikaomba pia taa za LED zizimwe. Nyama iliyopigwa picha chini ya taa ya kijani hairudi kuwa chakula, hata uihariri usiku kucha.

Jasho la chupa nilikuja nalo kwenye kichupa cha kupuliza: maji nusu, glisarini nusu, hii hii ya kupaka ngozi inayouzwa madukani. Kwa unyevu wa hewa ya Dar, chupa ya baridi inatoa jasho lenyewe, ndiyo, lakini halijui kuacha. Matone yanakua, yanaungana, yanatiririka, lebo inalowa na kukunjamana, na meza inakuwa bwawa. Matone ya glisarini yanakaa pale pale ulipoyapulizia, na unapata muda wa kutosha kugombana na mchoma nyama.

Sasa, Mama naye alikuwa na nadharia yake kuhusu jasho. Alikuwa amesikia kwamba mpiga picha anataka chupa ya baridi inayoonekana baridi. Friji la vioo akaliona halitoshi. Saa 8 mchana, bila kuniambia mimi wala mhudumu, akachukua chupa 6 zilizokwisha kupoa akazilaza kwenye friza, juu ya sato. Kwa kawaida isingekuwa shida, maana kwa kawaida mchana umeme hukatika. Siku hiyo haukukatika.

Dada mhudumu akaniletea chupa ya kwanza. Ilikuwa na ukungu mweupe wa barafu kwa nje. Nikaifuta taratibu, nikaiweka mbele ya foili, nikaona bia imetulia ndani, safi, inang'aa, haina hata chembe. Nikapulizia glisarini. Mchoma nyama akaleta sinia likiwa bado linatoa mvuke. Wateja walishageuza viti kututazama, wengine wamesimama na chupa zao mkononi. Nikamwambia dada, fungua, subiri nihesabu, kisha mimina ukiinamisha glasi, mwishoni uinyanyue wima povu lipande.

Akafungua.

Ile foili ndiyo iliyoniponza, maana bila foili asingeona mtu. Shingoni mwa chupa kukatokea wingu jeupe. Likateremka. Halikuwa na haraka sana wala halikuchelewa. Lilishuka kama pazia la ukumbini, bia ya asali juu ikawa maziwa, katikati ikawa maziwa, chini ikawa maziwa, na ndani ya sekunde chache chupa nzima ilikuwa imeganda mbele ya macho ya baa nzima, kwenye jua, Dar es Salaam. Kisha ikaanza kutema. Uji wa barafu ukapanda, ukachungulia mdomoni, ukainama, ukadondokea kwenye ndizi.

Dada alikuwa ameshaambiwa amimine, na yeye ni mtu wa kutii. Akageuza chupa. Halikutoka kitu. Akaitikisa. Ukatoka mkupuo mmoja ukagonga kitako cha glasi.

"Ameigandisha!" alisema yule wa kiganja. "Si niliwaambia? Chumvi!"

Mama alikuwa ameshika kiuno. Hakuongea, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipopiga hatua kwenda kuokoa kamera, meza nzima wakafunika glasi zao, na jamaa mmoja akabeba chupa yake akahamia upande wa televisheni. Mwingine, wa moyo tofauti, akanifuata na bia yake iliyokuwa imeanza kupata joto: "Kaka, niguse na hii."

Mwalimu akainuka.

"Nyamazeni," alisema, na watu wazima wenye watoto wakanyamaza. "Leteni nyingine kutoka kule kule."

Ikaletwa. Akaishika shingoni kwa vidole viwili. Maji safi, alisema, huganda nyuzi 0. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, kwa sababu ya kileo. Lakini kimiminika kilichotulia kwenye chupa laini, bila vumbi ndani, kinaweza kupita kiwango hicho kikashuka zaidi bila kuganda, kwa sababu fuwele ya kwanza haijapata pa kushika. Kinasubiri kisingizio. Kufungua kizibo ni kisingizio: mgandamizo unashuka, gesi inatoka, viputo vinaumbika, barafu inaanzia hapo. Kuigonga nako ni kisingizio. Akaigonga chupa kwenye ukingo wa meza, bila kuifungua, na wingu likashuka lile lile.

Baa ikapiga kelele. Mwalimu akaifungua taratibu, akaacha iteme kidogo, akaonja, akasema kwa ajili ya uhakika wa kisayansi inabidi kurudia.

"Hizo anazifungua kwa hesabu ya nani?" Mama alipata sauti.

"Andika kwa mpiga picha," alisema Mwalimu bila kugeuka.

Chupa ya tatu aliitumia kueleza kwamba si bia yote iliyoganda. Alichukua kalamu kwa dada, akaandika nyuma ya karatasi ya bili: kila gramu inapoganda inatoa jouli 334, na kupandisha gramu moja nyuzi moja kunahitaji jouli 4.2. Bia ikiwa nyuzi 4 chini ya kiwango chake cha kuganda ina upungufu wa jouli 17 hivi kwa gramu. Gawanya. Ni kama sehemu 1 kati ya 20 tu inayogeuka barafu, ila fuwele zake ni nyingi na nyembamba, zimetawanyika kote, ndiyo maana chupa nzima inaonekana imekuwa uji.

"Sasa Mwalimu," aliuliza yule wa kiganja, "hiyo sehemu moja naikunywa au naitafuna?"

Na hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo mtu aliyefundisha miaka mingi vile alipaswa kuliona linakuja. Alisema kinachoganda kwanza ni maji, kileo kinabaki kwenye ile isiyoganda, kwa hiyo kinachobaki kina nguvu zaidi. Akaongeza kwamba tofauti ni ndogo mno, hata ulimi hauijui. Sehemu hii ya pili hakuisikia mtu. Watu walishasimama kuelekea kaunta.

Wakati huo wote sinia liko mezani. Kitimoto cha kavu kina dakika chache tu za uzuri baada ya kutoka kwenye karai. Kikipoa mafuta yanaanza kuganda meupe, kitunguu na hoho vinasinyaa, ngozi inapoteza ule mng'ao. Ukiwa peke yako unaweza kuchovya brashi kwenye mafuta ya moto ukapaka juu juu, kikarudi uhai kwa picha kadhaa. Nilikwenda kuchovya brashi. Niliporudi, vipande vya mbele, vile nilivyovichagua kimoja kimoja vyenye ngozi upande wa kamera, havikuwepo. Mchoma nyama alisema walipita watu wa sayansi.

Tukapanga upya kwa vipande vya nyuma. Bia za baridi zilizobaki kwenye friji la vioo zilikuwa zinanunuliwa kwa kasi ya ajabu, kila mtu akitaka yake iende friza, na jua lilikuwa linateremka. Ndipo nikamwomba dada anipe chupa ya stoo, ya moto. Kwa picha, ya moto ni bora kuliko watu wanavyodhani: gesi inatoka kwa wingi kwenye bia yenye joto, povu linapanda zito na refu, na kwa nje glisarini inamaliza kazi ya baridi yote. Dada akamimina kwenye glasi iliyofaulu mtihani wa chumvi. Povu likasimama vidole vitatu. Kasi ya shata sekunde 1/250, nikapiga mfululizo mpaka jua likaingia nyuma ya ukuta wa jirani.

Bango limetundikwa getini. Limeandikwa BIA BARIDI SAA ZOTE, na chupa iliyopo pale ni ya moto kabisa. Mwalimu anajua kwa sababu aliinywa yeye, akalalamika kwamba imemnata mkononi.

Jioni ile Mama alifungua friza kuchukua samaki. Chupa moja ilikuwa imebaki humo mpaka ikaganda yote. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na nafasi iliyoachwa chini ya kizibo haifiki nusu ya hiyo. Chupa haikupasuka, kwa bahati. Kizibo kiliinuka upande mmoja, na bia ilikuwa imechuruzika polepole juu ya sato wote. Aliniita niwaone. Nikawaona. Akaandika kwenye daftari, chini ya jina langu, bia za friza, kisha sato 4, kisha akapiga mstari juu ya nusu kilo yangu ya kavu.

Nilijaribu kujitetea kwamba friza sikuifungua mimi. Akasema chumvi aliiona kwa macho yake.

Wale sato waliyeyushwa, wakaoshwa, wakakaangwa usiku ule ule kwa sababu hawakuwa watu wa kulala. Walikwisha kabla ya kitimoto. Wiki iliyofuata kuna wateja walikuja kuulizia "sato wa bia", na Mama siku hizi anawaloweka makusudi, kwa bakuli, bei juu kidogo. Nilimkumbusha kuhusu daftari. Alisema biashara ya samaki ni mpya, na deni ni la zamani, visichanganywe.