Supu iliyokumbatia friza

Kwa vifuko vya zipu mi ndo mgonjwa namba moja hapa nyumbani. Chaja nimetia humo, vifungo vya shati humo, simu ikinyesha mvua humo, na tachi inakubali vizuri tu juu ya plastiki. Mke wangu huwa anasema ipo siku atanikuta nimejifunga mwenyewe.

Basi jumapili nikapika supu sufuria zima, nikasema nigandishe ya wiki. Nikajifanya fundi, kila kifuko nikakizamisha taratibu kwenye beseni la maji mdomo ukiwa juu, maji yenyewe yanaisukuma hewa nje, yakikaribia zipu unabana. Safi kabisa. Ila kwenye cha tatu kipande cha kitunguu, kidogo kama ukucha, kilikuwa kimenasa kwenye kimfereji cha zipu, mi nikasikia tik tik tik nikajua kimefunga, nikavilaza vyote vitatu kwenye friza juu ya ile shelfu ya nyaya bila sinia. Bila sinia jamani!

Supu haijui adabu, ukiiwekea nyaya inajipenyeza chini katikati yake. Matumbo ya vifuko yakaning'inia, na maji yakiganda huwa yanavimba kama asilimia 9 hivi, kwahiyo asubuhi nakuta vifuko vimebana nyaya kama mfungwa aliyeshika nondo za dirisha. Navuta, wapi. Nasukuma, wapi. Nikasema basi nitoe shelfu yenyewe, nayo imegoma, kumbe yule wa kitunguu alivuja usiku kucha na sasa supu, shelfu na friza ni mwili mmoja.

Nikazima friza nikaenda kuazima draya ya nywele ya mke wangu, kuazima kwa maana ya kwamba alikuwa amelala. Nikapuliza weee, supu ikaanza kutoa jasho, nikaona hapa hapa, nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa nguvu zote. Shelfu ikachomoka na vifuko viwili vinaning'inia kama popo, cha tatu kikapasuka tumbo, mi chini, makalio ndani ya supu ya baridi, draya bado inavuma mkononi.

Kugeuka, mke wangu yuko mlangoni. Hakuuliza kitu. Akafungua droo, akachagua kifuko kikubwa kuliko vyote, akakitanua mdomo kwa mikono miwili.

"Haya mume wangu, ingia."